Dunia Isiyo na Matanga

Najua Sarah atakufa. Nilijua kabla hajamkaangia baba yake mayai asubuhi ya siku ya kuzaliwa ya baba huyo, kabla hajaichukua saa ya baba iliyoharibika na kuipeleka mjini kwa fundi, kabla jua la Austin, Texas, halijatua kwa mara ya mwisho juu ya mtaa wao mtulivu. Najua, na bado nakaa mbele ya runinga nikimtazama kama mtu asiyeambiwa kitu.

Tamthilia ya The Last of Us ilianza kuoneshwa na HBO tarehe 15 Januari 2023. Siku hiyo kifo cha Sarah kilikuwa tayari na umri wa zaidi ya miaka tisa. Kilikuja duniani tarehe 14 Juni 2013, ndani ya mchezo wa video uliotengenezwa na kampuni ya Naughty Dog kwa ajili ya PlayStation 3, na waliocheza walikuwa wameshamlilia mtoto huyu. Sasa msiba uleule ulirudi ukiwa na uso mwingine na sauti nyingine, nasi tukaalikwa kuuhudhuria upya. Tukaenda. Tulikwenda kutafuta nini?

Labda tulitaka kuona kama safari hii atapona. Akili inalijua jibu, lakini ndani ya mtu kuna sehemu isiyokubali kuulizwa.

Neil Druckmann, aliyeuandika mchezo, na Craig Mazin, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameandika tamthilia ya Chernobyl, walifanya jambo moja ambalo mchezo haukulifanya. Walimpa Sarah siku nzima. Katika mchezo tunamjua kwa dakika chache za usiku. Katika tamthilia tunakwenda naye shule, tunakaa naye nyumbani kwa jirani, tunarudi naye jioni kumsubiri baba aliyechelewa kazini. Nico Parker anamwigiza kwa wepesi wa mtoto ambaye kesho haijawahi kumkosa. Siku ile ndefu ni ukarimu, na ni ukatili pia. Tulipewa ili tuwe na kitu cha kupoteza.

Je, si ndivyo tunavyopewa wote?

Mchezo huu niliujua kupitia mikono ya mdogo wangu. Yeye alicheza, mimi nilikaa pembeni yake nikitazama, sebuleni kwetu Tanga, feni ikizunguka juu yetu. Alifariki kabla tamthilia haijatoka. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue nimekaa wapi ninapoandika.

Muziki wa utangulizi haukubadilishwa sana. Gustavo Santaolalla wa Argentina ndiye aliyeutunga kwa ajili ya mchezo, kwa gitaa na kwa ronroko, ala ndogo ya nyuzi kutoka nchi za milima ya Andes, na yeye ndiye aliyeitwa tena kuipigia tamthilia. Nyuzi chache, na kimya kingi katikati yake. Ulipoanza, nilijikuta nasogea kidogo upande mmoja wa kochi, kumwachia mtu nafasi.

Sauti haijui kwamba aliyekuwa akiisikiliza ameondoka. Inakuja vilevile, kwa uaminifu uleule, inakuta kiti kitupu, na inaendelea kupigwa.

Mchezo huanza ukiwa wewe ndiye Sarah. Unamtembeza ndani ya nyumba yenye giza, unafungua milango, unamtafuta baba. Kisha unakuwa Joel, baba yake, umembeba Sarah aliyeumia mguu, unakimbia katikati ya mji unaoungua. Unabonyeza, naye anasogea. Halafu anatokea askari. Anapokea amri kwenye redio ya mkononi, anasita, anainua bunduki, na hapo mchezo unakunyang'anya mwili wa Joel. Pedi bado umeishika lakini haina kazi tena. Bonyeza utakavyo.

Mdogo wangu alibonyeza. Nilimwona akivibonyeza vitufe vyote kwa vidole gumba viwili, haraka haraka, kana kwamba palikuwa na kimoja kilichofichwa ambacho watengenezaji walisahau kukizima.

Nilikuja kuiona harakati ile tena baada ya miaka, kwenye mikono yangu mwenyewe, kando ya kitanda chake. Mikono ilikuwa ikitafuta cha kubonyeza.

Mbele ya runinga huna hata pedi. Tangu mwanzo mikono imelala mapajani. Baadhi ya watu wanaona huo ndio upungufu wa tamthilia, kwamba inamfanya mtazamaji awe mgeni katika hadithi aliyowahi kuiishi. Mimi naona ndipo ilipouelewa msiba kuliko mchezo wenyewe. Mchezo ulitupa nguvu ukatunyang'anya. Tamthilia inatukalisha. Na msiba, kwa sehemu yake kubwa, ni kukaa.

Baada ya risasi ile picha inakatika, na miaka 20 inapita bila hata sekunde moja ya kuivuta pumzi. Ugonjwa wa kuvu unaowageuza watu ulizuka Septemba 2003, na sasa tuko mwaka 2023 usio wetu, mwaka ambao kalenda ilifika lakini dunia haikufika nayo. Tunamkuta Joel, ambaye hapa ni Pedro Pascal, katika eneo la karantini la Boston linalotawaliwa na askari. Kazi yake siku hiyo ni kutupa maiti motoni. Mwenzake anaufikia mwili wa mtoto mdogo, anashindwa. Joel anaushika, anaubeba, anautupa. Uso haubadiliki.

Kwangu mwisho wa dunia upo pale, kuliko kwenye maghorofa yaliyoinama na barabara zilizomezwa na majani. Nani alimwosha Sarah? Nani alimchimbia? Nani alikaa na baba yake usiku ule, akamshikia kikombe cha chai asichoweza kukishika? Hatuoneshwi. Katika pengo lile la miaka 20 tunaachiwa tubuni wenyewe, nami kila nikijaribu kubuni naona uwanja wenye giza na mtu mmoja ameketi na mwili, na hakuna anayekuja.

Kwetu watu huja. Turubai linafungwa mtaani kabla hata hujafahamu lililotokea, mikeka inatandikwa, viti vya kukodi vinateremshwa. Mtu ambaye hamjasalimiana kwa miaka anaingia, anasema pole, anakaa. Anakunywa kahawa chungu, anazungumza na jirani yake mambo ya bei ya saruji, na anakaa. Wakati ule unaweza kuona uchungu kwa nini wanazungumza habari za saruji. Baadaye unajua kwamba walikuwa wakiishikilia dunia isianguke, kwa maneno yoyote yaliyokuwa karibu.

Joel hakupata hilo, na hakuna aliyemnyima kwa ubaya. Usiku ule kila nyumba ilikuwa na maiti wake. Ndiyo maana nadhani kumalizika kwa dunia hakupimwi kwa idadi ya waliokufa. Vita na tauni zimeua watu wengi katika historia, na bado waliobaki walifukua udongo, wakaomba, wakapika, wakakaa pamoja. Je, kunabaki nini pale ambapo wafiwa wote wanafiwa kwa usiku mmoja, na hakuna aliye mzima wa kwenda kuwapa wengine pole?

Alichobakiwa nacho ni saa. Ileile aliyotengenezewa na Sarah siku ya kuzaliwa. Iliharibika tena usiku ule, naye akaivaa miaka 20 bila kuitengeneza. Sijui kama mtu anaweza kumlaumu. Ungeitengeneza, ingeanza kwenda mbele, na mbele hakuna Sarah.

Kuna tukio fupi, mwanzoni mwa sehemu ya pili, ambalo sijaweza kulitoa moyoni. Linatokea Jakarta, mwaka 2003, kabla dunia haijajua kitu. Profesa wa elimu ya kuvu, mwanamke mtu mzima aliyeigizwa na Christine Hakim wa Indonesia, anachukuliwa na wanajeshi katikati ya chakula chake cha mchana. Anaoneshwa maiti iliyoumwa na binadamu mwenzake, na ndani ya mdomo wa maiti ile nyuzi za kuvu bado zinatikisika. Ofisa anamwomba chanjo au dawa. Amesoma maisha yake yote. Kama dawa ingekuwepo, yeye angeijua. Anamwambia haipo. Anamshauri aulipue mji kwa mabomu, pamoja na wote walio ndani yake.

Kisha anaomba apelekwe nyumbani akakae na familia yake.

Hajaomba ndege wala mahali pa kujificha. Elimu yake yote ilimfikisha hapo, mahali ambapo mtu anajua kwa hakika, na kwa sababu anajua kwa hakika, anaomba tu kukaa na watu wake. Je, hiyo ni hekima, au ni kushindwa? Nimeligeuza swali hili mara nyingi. Bado sina jibu, ila najua kwamba sauti yake ilipotetemeka niliona aibu kuendelea kumtazama.

Kuvu wenyewe si uzushi mtupu. Katika misitu ya nchi za joto wapo kuvu wa jamii ya Ophiocordyceps wanaomwingia sisimizi, wakamfanya aiache njia ya wenzake, apande juu ya mmea, aung'ate mshipa wa jani na kubaki hapo mpaka afe. Kisha kijiti cha kuvu kinachomoza kichwani mwake na kumwaga mbegu chini, wanakopita ndugu zake. Tamthilia inafungua kwa mahojiano ya kubuni ya mwaka 1968, mwanasayansi akieleza kwamba joto la mwili wa binadamu ndilo linalotulinda, na kwamba dunia ikiongeza joto, kuvu nao wanaweza kujifunza kulistahimili. Wasikilizaji wake studioni wananyamaza. Nasi tunaotazama leo, katika dunia ambayo kila mwaka inazidi kupata joto, tunanyamaza pamoja nao.

Lakini tamthilia haikawii sana kwenye kuvu, na mimi pia sitakawia.

Kinachokawia ni magofu. Ellie, binti anayesafiri na Joel, aliyeigizwa na Bella Ramsey, ana miaka 14 na amezaliwa baada ya yote kuanguka. Wakiwa njiani anaiona ndege iliyoanguka zamani, anauliza kuhusu kuruka. Joel anakumbuka viti vilivyobana na bei ya sandwichi. Ellie anashangaa, kwa maana watu hawa walipanda angani, nao walichokumbuka ni kubanwa. Hatua chache mbele yake lipo shimo la mifupa, na nguo bado juu ya mifupa. Joel anamweleza kwamba waliotolewa vijijini, pale ambapo kambi hazikuwa na nafasi ya kuwapokea, waliuawa hata wakiwa wazima, kwa kuwa aliyekufa hawezi kuambukizwa.

Pwani yetu inaujua mtazamo huu wa magofu tangu zamani. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika utenzi wa Al-Inkishafi, aliusimamisha moyo wake mwenyewe mbele ya majumba ya Pate, majumba yaliyowahi kuwa na taa na vyombo vya China na vicheko vya wenyewe, akauonesha popo na ndege waliorithi. Mshairi alikuwa na kimbilio. Nyuma ya magofu yake kulikuwa na ahera, na kuporomoka kwa Pate kulikuwa ni hoja ya kumwita mtu arudi kwa Mola wake. Magofu ya Joel hayana kitu nyuma yake. Nyuma ya jengo kuna jengo lingine, na ndani ya jengo lile kuna kitu kinachopumua gizani. Ninapotazama, najikuta namtamani yule mshairi awepo pembeni, auulize moyo wa Joel yale aliyouuliza wa kwake.

Msiba mmoja waandishi waliubadilisha, nao unanipa taabu. Katika mchezo, Frank alimkimbia mwenzake Bill, akafa peke yake, akaacha barua iliyojaa chuki. Katika tamthilia, sehemu ya tatu, wanaume hawa wawili wanapewa maisha. Frank anaanguka ndani ya shimo la mtego la Bill mwaka 2007, anaomba chakula, na hawaachani tena hadi mwaka 2023. Wanazeeka. Frank anapanda stroberi kwa mbegu alizozipata kwa kubadilishana na bunduki ya Bill, na siku Bill anapoonja tunda la kwanza anacheka kicheko cha mtoto. Nick Offerman na Murray Bartlett waliicheza sehemu hii kwa upole ambao siusahau. Maradhi yanapomlaza Frank, wanaichagua siku, wanakula chakula cha mwisho, na wote wawili wanalala wasiamke. Wameacha dirisha wazi ili nyumba isinuke atakapokuja mgeni.

Kumbe inawezekana. Kumbe anayeandika anaweza kurudi kwenye kifo cha zamani na kukifanya kiwe kingine, akakiwekea miaka, meza, kitambaa, divai. Basi kwa nini hakurudi kwa Sarah? Kwa nini msiba wa Frank ufunguke na wa mtoto ubaki umefungwa?

Swali hili si la hadithi peke yake, najua. Ninaposikia mtu aliyelazwa kwa ugonjwa uleule wa mdogo wangu ametoka, yuko nyumbani, anakula, nafurahi kwa ajili yake. Nafurahi kweli. Kisha nageuka pembeni na kuuliza kitu ambacho hakina wa kukijibu.

Kansas City tunawakuta Henry na Sam, kaka na mdogo wake. Sam ni kiziwi, kama alivyo mwigizaji wake, Keivonn Woodard. Ana ubao mdogo wa kuandikia. Aliwahi kuugua saratani ya damu, na Henry, ili kupata dawa, alimsaliti mtu aliyekuwa akimheshimu, akasababisha kifo chake. Usiku mmoja Sam anamwonesha Ellie jeraha la meno mguuni. Ellie, ambaye damu yake haishiki ugonjwa huu, anajikata kiganja na kumpaka damu ile, akiamini kwa imani yote ya mtoto. Sam anamwomba abaki macho pamoja naye. Ellie anakubali. Analala.

Asubuhi Sam si Sam tena. Henry anampiga risasi mdogo wake ili kumwokoa Ellie, anatazama alichokifanya, na anajielekezea bunduki.

Hili nililiona kwenye mchezo pia. Nilikumbuka vizuri jinsi skrini ilivyokuwa nyeusi ghafla, na hadithi ikaruka moja kwa moja hadi majira ya kupukutika majani. Mdogo wangu aliiweka pedi chini. Tamthilia haikuruka. Inatuonesha Joel akichimba. Makaburi mawili ubavu kwa ubavu, udongo umeinuliwa, na Ellie anaweka juu ya kaburi la Sam ubao wake, alioandika kwamba anaomba radhi. Kisha anauliza njia ya magharibi ni ipi, anaanza kutembea.

Makaburi yale ni kitu kidogo. Lakini ni mara ya kwanza katika safari yao mtu anafia mikononi mwao na wakabaki naye hadi mwisho wa kazi. Tess, mwenzake aliyetembea na Joel miaka mingi, hakupata kaburi. Je, ni hapo Joel alipoanza kurudi kuwa mtu? Au alichimba kwa sababu tu mtoto alikuwa akimtazama?

Huko Jackson, Wyoming, wanakuta mji wenye umeme, farasi, na mti wa Krismasi. Tommy, mdogo wake Joel, ana mke na mtoto yuko njiani. Ndani ya nyumba kuna kibao cha ukumbusho chenye majina mawili, moja likiwa Sarah. Kumbe mtu mwingine aliliandika jina. Miaka yote ile Joel alidhani anambeba peke yake.

Twiga nao siwezi kuwapita. Salt Lake City, baada ya majira ya baridi yaliyomnyamazisha Ellie, anapanda ngazi na kumkuta twiga akila majani ubavuni mwa jengo lililobomoka. Wazalishaji walimtumia twiga wa kweli, kutoka bustani ya wanyama ya Calgary katika jimbo la Alberta, Kanada, ambako msimu wa kwanza ulipigwa picha. Ellie anamlisha, anacheka, na kwa dakika moja dunia haijaisha. Kwetu huku twiga ni mnyama wa taifa, tumemzoea tangu vitabu vya darasa la kwanza. Kumwona kule, mbali na nyika ya mababu zake, kizazi cha wanyama waliofungwa kikiwa kimewazidi maisha waliojenga uzio, nilishindwa kujua ninachohisi. Furaha ile ilikuwa na upweke mkubwa ndani yake. Aliyebaki hai naye ni mgeni.

Karibu na hapo Joel anamweleza Ellie kovu lake la kichwani. Alijipiga risasi baada ya kifo cha Sarah, mkono ukatetereka. Ellie anadhani ni muda ndio uliomponya. Joel anamjibu kwamba si muda, na anamtazama, na sote tunafahamu anachosema. Ni maneno ya upendo makubwa kabisa anayoweza kuyatoa mtu kama yeye. Pia ni mzigo mzito kabisa kumtwika mtoto. Kuanzia dakika ile Ellie hawezi tena kufa kifo chake mwenyewe, kwa maana amefanywa kuwa dawa ya kifo cha mwingine.

Hospitalini Joel anaambiwa kwamba, kwa kinga ya Ellie, chanjo inawezekana, ila lazima ubongo wa Ellie ufunguliwe, naye hataamka. Hakuna aliyemwuliza Ellie. Waliotaka kuuokoa ulimwengu hawakumwuliza, na aliyetaka kumwokoa yeye hakumwuliza.

Hapa mchezo unairudisha mikono iliyonyang'anywa usiku wa Sarah. Sasa pedi inafanya kazi. Daktari amesimama na kisu kidogo cha upasuaji, na hadithi haiendi mbele mpaka mchezaji amwue kwa mkono wake. Nakumbuka mdogo wangu alimsimamisha Joel pale kwa muda mrefu bila kubonyeza chochote. Kisha akabonyeza. Hatukuzungumza.

Mkono uliokatazwa kuokoa ukaruhusiwa kuua. Sijui kama Druckmann na wenzake waliupanga mkasa huo kwa kusudi hilo, lakini ndivyo ulivyonifikia.

Nani alikuwa akibebwa katika korido ile, Ellie au Sarah? Joel anamvusha akiwa amelala mikononi mwake, kama alivyombeba mwanawe, na safari hii askari wote wamekufa. Amepata kitufe kilichofichwa. Kisha anamdanganya kwamba wapo wengi wenye kinga kama yeye na kwamba madaktari walikata tamaa. Ellie anamtaka aape. Anaapa.

Namwelewa mno. Ningepewa korido ile, ningepita. Lakini daktari yule alikuwa na binti, na binti akamkuta baba yake sakafuni. Joel hakuuondoa msiba ule uliokuja kwa ajili yake. Aliuhamishia nyumba nyingine.

Msimu wa pili ulianza tarehe 13 Aprili 2025, na katika sehemu yake ya pili binti huyo, Abby, anampata Joel. Kaitlyn Dever, anayemwigiza, amesimulia hadharani kwamba alifika kazini siku chache tu baada ya mazishi ya mama yake mzazi. Nilipolijua hilo sikuweza tena kumtazama Abby kama adui. Msiba wa kuigizwa na msiba wa kweli ulikuwa umevaa uso mmoja. Anamwua Joel taratibu, Ellie akiwa amelazwa sakafuni akitazama, na Ellie naye anauchukua msiba huo na kuondoka nao hadi Seattle, kutafuta nyumba ya kuushushia.

Nilimwosha mdogo wangu mimi mwenyewe, pamoja na amu yetu na jirani mmoja mzoefu. Maji, majani ya mkunazi, karafuumaiti, sanda. Jirani alinielekeza kwa sauti ya chini, upande wa kulia kwanza, taratibu, kana kwamba maji yangeweza kumwumiza. Kwenye kidole gumba alikuwa na sugu ndogo ya vitufe. Utaratibu unataka mdogo amwoshe mkubwa, na kwetu ulipinduka. Sijawahi kusema kwamba siku ile ilinifariji. Haikunifariji. Ilinipa tu kazi ambayo mikono ingeweza kuifanya, baada ya siku nyingi za kutafuta cha kubonyeza.

Kwa hiyo nilipomwona Tommy, mwanzoni mwa sehemu inayofuata, nilisimama. Mji wa Jackson umeshambuliwa, maiti ni wengi, wamelazwa safu kwa safu na kufunikwa. Anamfunua kaka yake na kumsafisha mkono. Anamwambia amfikishie Sarah upendo wake. Robo karne baada ya risasi ile, jina la mtoto linatajwa juu ya maji ya kuoshea maiti, na ndugu wa damu ndiye anayelitaja. Baadaye Ellie anakwenda kaburini na kumwachia Joel punje za kahawa, kinywaji alichokipenda.

Je, dunia inayoosha maiti wake imeshaanza kupona, hata kama kuvu bado wamezagaa nje ya ukuta? Nataka iwe hivyo. Kutaka kwangu si ushahidi.

Wapo waliochukia Joel alipouawa, kama wachezaji wengi walivyochukia mwaka 2020 mchezo wa pili ulipotoka, wakaapa kwamba hawataendelea. Siwalaumu. Lakini nakuomba, msomaji, ukifika hapo usizime runinga. Sehemu inayofuata mtu anamwosha ndugu yake, na hana wa kumsaidia. Kaa naye mpaka amalize.